Anayechekwa ni Nani? Hoja Dhidi ya Orodha za Jackie Chan

Ukitaka kuzusha ubishi usiokwisha katika bweni lolote la chuo hapa Uganda, taja jina la Jackie Chan, kisha uliza ni katika filamu gani aliigiza vizuri zaidi. Majibu yatakuja ya aina tatu. Kundi la kwanza litataja Rush Hour, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya awe nyota Marekani. Kundi la pili, ambalo lina wahadhiri wengi, litataja The Karate Kid ya mwaka 2010 au The Foreigner ya mwaka 2017, kwa madai kwamba humo, baada ya miaka mingi ya mizaha, hatimaye "aliigiza kweli". Kundi la tatu halitaji uhusika wowote. Litahesabu mifupa: hapa alivunjika kifundo cha mguu, pale alipasuka fuvu, kule aliungua mikono. Kwao, filamu bora ni ile iliyokaribia kumuua.

Makala haya yanayapinga makundi yote matatu. Yanadai kwamba nafasi bora za Jackie Chan zimo katika filamu za Hong Kong za kati ya mwaka 1978 na 1994, na kwamba ubora wake haupimwi kwa fedha, wala kwa machozi, wala kwa bandeji. Unapimwa kwa swali moja jepesi ambalo tunalisahau kila tunapochambua vichekesho: anayechekwa ni nani? Pale ambapo stelingi anajichekesha mwenyewe, kwa hiari na kwa ufundi wake, Jackie Chan hana mpinzani. Pale ambapo anayechekwa ni mtu mnyonge kuliko yeye, au pale ambapo yeye mwenyewe amegeuzwa kuwa kichekesho cha wengine kwa sababu ya ugeni wake, kazi yake hushuka, hata kama ukumbi umejaa.

Tuanze na neno stelingi lenyewe. Katika vibanda vya video, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, stelingi ni mtu mwenye kanuni zake. Hafi. Haogopi. Akipigwa, anapigwa ili hasira zimpande. Akilia, analia mara moja tu, juu ya maiti ya mwalimu wake au ya ndugu yake, kisha anaondoka kwenda kulipa kisasi. Bruce Lee ndiye aliyeimarisha sura hiyo katika filamu za Hong Kong, na alipofariki mwaka 1973 watayarishaji wa huko walihangaika kutafuta mtu wa kuvaa viatu vyake.

Mmoja wa waliojaribishwa alikuwa Jackie Chan. Alizaliwa Hong Kong mwaka 1954, akapelekwa akiwa mtoto mdogo katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, na huko alikaa takribani miaka kumi akijifunza sarakasi, uimbaji, mapigano ya jukwaani na uigizaji. Sammo Hung na Yuen Biao, ambao baadaye walicheza naye filamu nyingi, walikuwa wanafunzi wenzake. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yangu, kwa sababu wanaosema kwamba Jackie Chan ni mpiganaji aliyebahatika kuwa mwigizaji wamegeuza ukweli juu chini. Alilelewa na jukwaa. Mapigano yake yalikuwa maigizo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1976 mwongozaji Lo Wei, aliyewahi kumwongoza Bruce Lee, alimpa nafasi ya mbele katika New Fist of Fury. Alipewa hata jina la kisanii lenye maana ya kuwa joka, kwa kuwa Bruce Lee alijulikana kama joka dogo. Filamu hiyo haikufanikiwa, na zilizofuata chini ya Lo Wei hazikumfanya nyota pia. Sababu inaonekana ukizitazama leo. Kijana yule anakunja uso, anatazama kwa ukali, anangoja kisasi, na hakuna kinachoaminika. Mwili wake unajua mambo mengi ambayo hadithi haimruhusu kuyafanya.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1978 Lo Wei alimwazima kwa kampuni nyingine, akafanya filamu mbili na mwongozaji Yuen Woo-ping: Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master. Hapo ndipo orodha yangu inapoanza, kwa sababu katika Drunken Master alifanya jambo la ujasiri kuliko kuruka toka ghorofani. Alicheza kama Wong Fei-hung.

Msomaji asiyejua historia ya filamu za Hong Kong anaweza kulipita jina hilo haraka. Wong Fei-hung alikuwa mtu wa kweli, mganga na mwalimu wa kung-fu wa kusini mwa China, aliyefariki katika miaka ya 1920. Tangu mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alikuwa amemwigiza katika makumi ya filamu kama mzee mwenye heshima, mpole na mwadilifu, mfano wa kuigwa na vijana. Jackie Chan akamleta akiwa kijana mtukutu, mvivu, anayekimbia mazoezi, anayekula hotelini bila pesa, na anayepelekwa na baba yake kwa mwalimu mlevi ili atiwe adabu. Ni kama mtu achukue babu anayetajwa kwa heshima katika kila sherehe ya ukoo, aandike mchezo kuhusu siku alizokuwa akiiba maembe.

Lakini tazama kicheko kinamlenga nani. Mwalimu mlevi anamfundisha mitindo minane, kila mmoja ukiwa wa mungu mmoja wa ngano za Kichina. Mmoja wa miungu hiyo ni mwanamke. Kijana anauona mtindo huo ni wa kike, anaudharau, na hajifunzi. Ukifika mpambano wa mwisho na muuaji ambaye hapo awali alimshinda na kumdhalilisha, mtindo unaohitajika ni huo huo alioukataa. Hana la kufanya ila kuubuni palepale, akitembea kwa madaha, akijipodoa hewani, akipiga na kukwepa kama bibi mlevi. Ukumbi unacheka, na unamcheka yeye, kijana aliyedhani kwamba kuna maarifa yasiyomstahili mwanamume. Huo ni uigizaji wa tabaka tatu kwa wakati mmoja: mwigizaji stadi anaigiza kijana asiyejua, na kijana huyo anaigiza mwanamke mlevi, na kila tabaka linaonekana. Anayesema hiki si kitu aje ajaribu dakika moja tu ya zoezi hilo mbele ya darasa.

Aristotle aliandika kwamba futuhi huiga watu duni kuliko sisi. Wahadhiri wetu hupenda kuanzia hapo, na wengi huishia hapo. Jackie Chan anaonyesha ugumu ambao kauli hiyo haiufikii. Mwili wake ni bora kuliko wetu kwa kila kipimo, na kazi yake ni kutufanya tuamini kwamba ni duni: kwamba anateleza, anachelewa, anashika chuma cha moto bila kujua. Mpiga zeze hodari akitaka kuigiza mtu asiyejua kupiga zeze, lazima akosee mahali panapofaa na kwa wakati unaofaa. Makosa ya Jackie Chan yana vina na mizani.

Ushahidi wa pili ni Project A ya mwaka 1983, aliyoiongoza mwenyewe. Yeye ni Dragon Ma, askari wa majini wa Hong Kong ya kikoloni. Kila mtu anakumbuka anavyoning'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, akimwamkia Harold Lloyd wa Safety Last! ya mwaka 1923, kisha anaanguka akipasua vitambaa vya vivuli hadi chini. Kundi la wahesabu mifupa husimama hapo hapo. Mimi nawaomba warudi nyuma, kwenye ugomvi wa askari wa majini na askari wa nchi kavu. Ma na hasimu wake, anayeigizwa na Yuen Biao, wanapigana kwa viti. Kila mmoja akipigwa anasimama wima na uso mkavu, kama aliyepapaswa na upepo. Kisha kila mmoja anatafuta mahali pa kujificha, na huko, asipoonekana na mwenzake, anajikunja na kuugulia.

Katika tukio hilo fupi kanuni nzima ya stelingi imefichuliwa. Uanaume unaoonyeshwa hadharani ni maigizo, na maumivu ndiyo ukweli. Wahusika wote wawili wanaigizana. Sisi tulio upande wa pili wa kamera ndio peke yetu tunaoona nyuso zote mbili. Ningependa kuonyeshwa tamthilia tunayoisoma darasani inayolisema jambo hilo kwa uchache zaidi wa maneno. Hapa hakuna neno hata moja.

Nafika sasa kwenye nafasi ninayoiona kuwa kilele, nayo ni ya askari Chan Ka-kui katika Police Story ya mwaka 1985. Historia yake inafundisha. Mwaka huo huo ilitoka The Protector, filamu ya Kimarekani iliyomtaka awe polisi mkali kama polisi wengine wa Kimarekani. Hakuridhika nayo hata kidogo, akarudi Hong Kong kutengeneza filamu ya polisi kwa njia yake. Police Story ilipata tuzo ya filamu bora katika Tuzo za Filamu za Hong Kong.

Watu hukumbuka mwanzo, magari yakiteremka mlimani na kubomoa vibanda, na stelingi akining'inia kwenye basi kwa mpini wa mwavuli. Hukumbuka mwisho, mapigano katika jengo la maduka, vioo vikipasuka kila upande, na Chan akiruka kushika nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza nayo ghorofa kadhaa hadi chini. Aliungua mikono kwa kweli. Lakini baina ya mwanzo na mwisho kuna hadithi ya mtu anayeshushwa ngazi moja baada ya nyingine. Anapewa kazi ya kumlinda shahidi, katibu wa bosi wa wahalifu. Ili mwanamke huyo akubali kulindwa, anapanga na mwenzake shambulio la uongo. Mwanamke anagundua hila, naye anamlipizia kwa kuharibu ushahidi wa kinasa sauti. Mahakamani, mbele ya hakimu na wakubwa wake, askari shujaa anabaki mtu wa kuchekwa. Kesi inaanguka. Anahamishiwa kituo cha polisi cha mashambani, na huko ndiko liliko tukio ninaloliweka juu ya lile la nguzo.

Yuko peke yake kituoni. Simu zinalia, moja, mbili, tatu na zaidi. Anashika mkonga huu, anabana ule begani, anajibu mtu huyu maneno ya mtu yule, nyaya zinamzunguka shingo na mikono, na wakati wote anataka tu kula tambi zake. Hakuna adui na hakuna kioo. Mtu aliyekimbiza basi kwa miguu anashindwa na simu. Tunacheka mpaka mbavu zinauma, lakini angalia kilichotendeka: kicheko kimetuonyesha udhalili wa askari mwaminifu aliyetupwa pembeni na wakubwa zake, kwa namna ambayo hotuba isingeweza. Ndiyo maana baadaye, akisingiziwa mauaji ya polisi mwenzake na kuamua kupambana na mkuu wake mwenyewe, hasira yake inaaminika. Na ndiyo maana katika jengo la maduka, mhalifu akiwa ameshakamatwa na wakili wake akianza kudai haki za mteja, ngumi za Chan Ka-kui zinatisha. Zile si ngumi safi za shujaa. Ni za mtu aliyechekwa mno. Tanzia na futuhi zimekaa ndani ya mtu mmoja, katika uhusika mmoja.

Wa nne katika orodha yangu ni Wong Fei-hung tena, safari hii katika Drunken Master II ya mwaka 1994. Jackie Chan ana miaka arobaini na anaigiza kijana. Ti Lung anaigiza baba yake, na Anita Mui, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka tisa, anaigiza mama yake wa kambo. Kwa hesabu za kawaida mpango huo ungeanguka. Unasimama kwa sababu Anita Mui anachekesha sawa na stelingi, pengine kumzidi. Ndiye anayemchochea mwanawe apigane, na katika ugomvi wa sokoni yeye na wenzake ndio wanaomrushia chupa za pombe ili ulevi umpe nguvu. Kisha filamu inageuka na kutudai malipo ya kicheko hicho. Baba anamwadhibu, na ulevi uliotufurahisha unamletea aibu hadharani. Mpambano wa mwisho, ambamo Chan anatambaa juu ya makaa na kunywa spiriti ya kiwandani ili asimame dhidi ya mateke ya Ken Lo, unachekesha na kutia hofu kwa pamoja.

Baada ya kusema ninachokiunga mkono, niyajibu sasa makundi matatu kwa zamu.

Kundi la Rush Hour lina hoja ya soko. Filamu hiyo ya mwaka 1998 iliingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani na kuzaa nyingine mbili. Sina ugomvi na fedha hizo. Nina ugomvi na mizaha yake. Mkaguzi Lee anatua Los Angeles, na afisa Carter wa Chris Tucker anamfokea polepole kwa sauti ya juu kama anavyofokewa kiziwi, akidhani hajui Kiingereza. Sehemu kubwa ya vichekesho vinavyofuata hutokana na lafudhi, na chakula, na ugeni. Katika ukumbi wa mchezo wa biliadi, Lee anarudia bila kujua neno ambalo Carter hulitumia na Weusi wenzake, na ugomvi unazuka. Hapo waandishi wanawachekesha watazamaji kwa kuwagonganisha watu wawili ambao Hollywood iliwaweka pembeni kwa miaka mingi, kila mmoja akiwa kioja cha mwenzake. Hicho si kicheko cha mtu kujicheka. Ni kicheko cha mwenye nyumba anayewatazama wageni wawili wakigongana mlangoni.

Na kamera nayo inashiriki. Katika filamu za Hong Kong kamera inasimama mbali kiasi cha kuuonyesha mwili mzima, toka unyayo hadi utosi, na picha haikatwi mpaka tendo na matokeo yake yaonekane pamoja. Katika Rush Hour picha inakatwakatwa, na tendo linaanza kwenye picha moja na kuishia kwenye nyingine. Kuna isipokuwa moja, nayo inathibitisha ninachosema: mpambano wa mwisho ambamo Lee anapigana huku akidaka mitungi ya thamani ya Kichina isianguke. Kwa dakika hizo chache Jackie Chan anarudi. Ni mtu mwenye hofu ya kuvunja kitu, mwenye mikono miwili na kazi nne. Kicheko kinakuwa chake tena.

Kundi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu ndilo linalotoa alama. Katika semina zetu za sanaa za maonyesho hurudiwa kauli kwamba vichekesho vya mapigano ni burudani ya vibandani na kwamba mwigizaji hujithibitisha kwa tanzia. Kwa hiyo hutajwa Bwana Han wa The Karate Kid, fundi wa jengo la makazi jijini Beijing aliyewapoteza mke na mwanawe katika ajali ya gari, ambaye kila mwaka hulitengeneza gari lilelile kisha akalivunjavunja. Nakubali tukio hilo linagusa. Lakini linagusa kwa njia gani? Kijana anamkuta amejikunja ndani ya gari, anampa fimbo za mazoezi na kumvuta atoke, na vivuli vyao vinaanza kusogea pamoja. Huzuni imeponywa kwa mwili. Na katika filamu hiyo hiyo Bwana Han anawashinda watoto sita bila kuwapiga, kwa kuwafanya wapigane wenyewe, mmoja akifungwa ndani ya koti. Huo ni ufundi wa mwaka 1978 uliotulia kwa umri. Hata Quan wa The Foreigner, baba anayemtafuta aliyemuua binti yake kwa bomu London, anajulikana kwa mgongo wake na kwa mwendo wake wa kuburuza miguu kabla hajasema neno. Wanaosifu nafasi hizi kana kwamba ameacha alichokuwa akifanya, wanasifu tawi huku wakiutukana mti.

Na kama hoja ni tuzo, Golden Horse za Taiwan zilimpa Jackie Chan tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1992 kwa Police Story 3, filamu ya mapigano na vichekesho, kabla ya kumpa tena mwaka 1993 kwa Crime Story, ambayo haina mzaha. Waamuzi wale hawakusubiri aache kuchekesha ndipo waone kwamba anaigiza.

Kundi la tatu, la wahesabu mifupa, linadhani linamheshimu. Ni kweli alianguka toka mtini akitengeneza Armour of God huko Yugoslavia akaumia fuvu nusura afe. Ni kweli aliumia kifundo katika Rumble in the Bronx. Yeye mwenyewe amechangia tabia hii kwa kuweka mwishoni mwa filamu vipande vya matukio yaliyoharibika, desturi aliyoichukua kutoka The Cannonball Run ya mwaka 1981. Lakini kama ajali ndiyo sanaa, basi dereva wa bodaboda aliyegongwa mara tatu ni msanii mkubwa. Kinachostahili sifa ni kupanga hatari iwe na maana ndani ya hadithi. Hollywood yenyewe imechelewa kulielewa hili: Jackie Chan alipewa Oscar ya heshima mwaka 2016, na ni mwaka 2025 tu ambapo Akademia ilitangaza kuanzisha tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari, itakayotolewa kuanzia mwaka 2028. Jina walilolichagua ni zuri, kwa kuwa limetaja ubunifu.

Msomaji makini atauliza kama kipimo changu hakimwumizi Jackie Chan mwenyewe. Kinamwumiza, na ni haki kimwumize. Katika Police Story hiyo hiyo ninayoisifu, mchumba wake May, anayeigizwa na Maggie Cheung, anafanywa mtu wa kuonewa na kununa, na vichekesho vinavyomhusu ndivyo vilivyozeeka vibaya zaidi. Linganisha na Police Story 3, ambamo Michelle Yeoh anapewa hatari zake mwenyewe, hadi kuruka na pikipiki juu ya treni, na mara moja stelingi anakuwa bora kwa kuwa ana wa kumzidi. Na katika Who Am I? ya mwaka 1998, sisi Waafrika tumo. Stelingi anapoteza kumbukumbu, anaokotwa na wanakijiji kusini mwa Afrika, na kijiji hicho ni ngoma, rangi usoni na ukarimu usio na jina. Filamu inamkumbuka mtelezo wake juu ya jengo refu la Rotterdam kuliko inavyomkumbuka mtu yeyote wa kijijini. Wapenzi wake hawapaswi kulificha hilo. Kicheko kilipowaendea wanyonge, kazi ilidhoofu. Kipimo kimefanya kazi yake.

Kwa nini tubishane haya katika idara ya Kiswahili? Kwa sababu swali ni letu. Fasihi simulizi yetu inamjua Sungura anayemshinda Fisi kwa akili, na hekaya za Abunuwasi zinamjua mjanja ambaye mara nyingine hunaswa na ujanja wake. Kenya ilikuwa na Mzee Ojwang, Tanzania ilikuwa na King Majuto, watu waliojua kuufanya mwili wao mzima useme. Tuliwacheka kwa miaka mingi, na walipofariki tukawalilia. Kati ya vicheko na kilio hicho, ni wanafunzi wangapi waliohimizwa kuandika tasnifu kuhusu namna Majuto alivyotumia ukimya? Tumefundishwa kuchambua dhamira ya mchezo wa kuhuzunisha na kuuita wa kuchekesha "burudani". Hukumu ile ile tunayompa Jackie Chan ndiyo tunayowapa wa kwetu.

Tuwafikirie pia wasimulizi wa filamu: VJ Jingo wa Kampala, Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya. Walichukua filamu za lugha ambazo watazamaji hawakuzijua wakazipa maneno ya Kiganda, ya Kiswahili, ya Sheng. Wangewezaje kuongeza maneno yao juu ya maneno ya wahusika bila filamu kusambaratika? Kwa sababu katika filamu bora za aina hii mwili umeshasimulia. Na vijana wa Wakaliga hapa Kampala walipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, chini ya mwongozaji Isaac Nabwana, waliweka sauti ya VJ inayoitania filamu yenyewe ikiendelea. Dunia ikacheka. Wapo waliocheka umaskini wa vifaa vyao. Lakini vijana wale walikuwa wamejicheka kwanza, kwa makusudi, na anayejicheka kwanza hachekwi kirahisi. Hilo ni somo la Project A, na wamelijua bila mhadhara wetu.

Ninachodai, basi, ni vitu viwili. Kwa wanafunzi wenzangu: kabla hamjaniletea orodha nyingine inayoanza na Rush Hour, tazameni simu za Police Story na viti vya Project A, kisha mniambie nani anachekwa na kwa nini. Kwa wahadhiri: iwekeni Drunken Master kwenye silabasi kando ya tanzia mnazozipenda, mtupe swali la mtihani juu yake, na msahihishe majibu yake kwa ukali ule ule mnaosahihishia mengine. Mkifanya hivyo, na bado mkaona kwamba kuchekesha ni kazi nyepesi kuliko kuliza, nitasikiliza hoja yenu. Kwa sasa hamjaijenga. Mmeirithi tu.